Mirathi Isiyogawanywa na Kadhi

Mali ya marehemu hupelekwa kwa kadhi ikagawanywa. Iko mirathi nyingine, ndugu msomaji, igawanywayo kabla mtoto hajazaliwa, wala hapana shahidi aionaye.

Mwanafunzi wa Masalani afunguapo kitabu cha bayolojia hukutana na Mendel na njegere zake za mwaka 1866. Si vibaya. Lakini mfano ulio karibu naye zaidi umo katika damu za watu wa pwani yetu hii: maradhi ya selimundu.

Aghalabu kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba, moja ya mama. Katika jeni itengenezayo hemoglobini, herufi moja tu ya DNA ikibadilika, chembe nyekundu za damu, ambazo asili yake ni mviringo, hupinda mfano wa mundu zikaziba mishipa. Mwenye nakala moja yenye kasoro huwa mzima, tena ana kinga ya malaria kali. Jambo hilo Allison alilieleza mwaka 1954, baada ya kupima damu nchini Kenya na kuona hali hiyo imezidi pwani na kando ya Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu. Mwenye nakala mbili ndiye mgonjwa.

Basi wakioana wawili wenye moja moja, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba, nasema. Hesabu huanza upya.

Hapa ndipo panaponiuma. Mara ngapi mtoto aliyevimba vidole ameambiwa ana jini, na mamake akarudishwa kwao kwa kuwa ana "damu mbaya"? Hesabu yakataa: nusu ni ya baba.

Binamu huoana, na sheria yaruhusu. Lakini babu yao ni mmoja, na jeni yake yaweza kuwafikia wote wawili. Saudia, tangu mwaka 2004, wachumba hupimwa damu kabla ya nikaha, kisha uamuzi huachiwa wao. Sisi twangoja nini? Imamu aulizaye mahari, na aulize cheti cha damu pia. Nawe mwanafunzi, hesabu hiyo usiiache darasani, ipeleke nyumbani.

Kupima si kupinga kadari. Masalani wajua: ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali.