NBAA isiishie kutoa vyeti, ivinyang'anye pia

Kila mwaka, mwishoni mwa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) humkabidhi Rais ripoti zake, na Aprili huwekwa mezani bungeni Dodoma. Kwa wiki mbili tatu nchi nzima huzungumza hesabu. Makusanyo yaliyopita kwenye mashine za POS bila kufika benki. Malipo yasiyo na viambatisho. Halmashauri zilizotumia fedha mbichi, mapato yakatafunwa kabla hata hayajaonja akaunti. Wabunge hupaza sauti, mawaziri huahidi hatua kali. Ikifika Juni, bajeti imeshika nafasi yote, na si ajabu kusikia kwamba mweka hazina aliyetajwa amehamishiwa wilaya nyingine, ambako anaendelea kusaini.

Katika kelele hizo ipo taasisi moja ambayo sauti yake haisikiki kwa kiwango kinacholingana na mamlaka iliyopewa. Ni Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Nyuma ya hoja nyingi za CAG kuna hati ya malipo, na nyuma ya hati ya malipo kuna sahihi ya mhasibu. Mwenye sahihi hiyo, hasa akiwa mkuu wa idara ya fedha, kwa kawaida ni mtu aliyefanya mitihani ya Bodi, akasajiliwa na Bodi, na anaitwa CPA kwa idhini ya Bodi. CAG anaweza kumtaja. Mwajiri anaweza kumhamisha. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, inaweza kumchunguza. Lakini wa kusema kwamba huyu hafai tena kuitwa mhasibu ni Bodi peke yake.

Hukumu yetu ni kwamba NBAA imefaulu kutahini, na haijauthibitishia umma kwamba inajua kuadhibu.

Tuanze na sifa, kwa kuwa inazo. Bodi ilizaliwa na Sheria Namba 33 ya mwaka 1972, miaka mitano baada ya Azimio la Arusha. Serikali ilikuwa imetaifisha mabenki, viwanda na mashamba. Shirika la Ukaguzi Tanzania lilikuwa limeundwa mwaka 1968 ili kukagua mashirika ya umma. Na Watanzania wenye sifa za juu za uhasibu walikuwa wachache mno kwa uchumi ambao taifa lilikuwa limeamua kuuendesha lenyewe. Kazi ya kwanza ya Bodi ilikuwa kupata watu. Imeifanya. Mei na Novemba kila mwaka maelfu ya vijana huingia vyumba vya mitihani, wengine wakirudia somo lilelile kwa mara ya tatu au ya nne huku wakiwa kazini na wenye familia. Mitihani hiyo haina huruma, na haipaswi kuwa nayo. Ndiyo maana mtu akifaulu, herufi tatu za CPA hutangulizwa mbele ya jina lake kama tunavyosema Daktari au Mhandisi, na ukumbi mzima hupiga makofi.

Heshima hiyo haikutolewa bure popote duniani. Wahasibu wa Edinburgh walipopata hati ya kifalme mwaka 1854, na kutoka hapo jina la wahasibu wenye hati likasambaa, walipata haki ya kujisimamia kwa sharti ambalo kila chombo cha taaluma kilichofuata kimelirithi: jamii itawaamini, nao watawatoa wenzao wasioaminika. Sehemu ya kwanza ya sharti hilo ni tamu. Ya pili ni chungu, na ndiyo hukwepwa.

Chombo kikikwepa sana, hunyang'anywa. Marekani, kampuni ya Enron ilipoanguka mwaka 2001 ikimburuta mkaguzi wake Arthur Andersen, Bunge la nchi hiyo halikusubiri wahasibu wajirekebishe. Sheria ya mwaka 2002 iliwaondolea usimamizi wa ukaguzi wa kampuni zilizoorodheshwa katika masoko ya hisa na kuukabidhi kwa chombo kipya. Wahenga walikwishasema: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Afrika Kusini nako kuna la kujifunza. Anoj Singh alikuwa mkuu wa fedha wa Transnet, kisha wa Eskom, katika miaka ambayo mashirika hayo ya umma yalitafunwa. Mwaka 2020 taasisi ya wahasibu ya nchi hiyo, SAICA, ilimtia hatiani kwa makosa ya kinidhamu na kumvua uanachama, ikatangaza hadharani jina lake na sababu. Hakuwa karani wa mkoani. Ni mtu aliyekuwa ameshika fungu la fedha kubwa kuliko bajeti za baadhi ya wizara. Tunataja mfano huu kwa sababu unaonyesha jambo linalowezekana katika bara letu.

Hapa nyumbani Bodi haiwezi kujitetea kwamba haina mamlaka. Kenya, kazi ya kutahini inafanywa na kasneb na kazi ya kusajili na kuadibu inafanywa na ICPAK, kwa hiyo kila mmoja anaweza kumnyooshea mwenzake kidole. Tanzania mambo yote yako chini ya paa moja: mtaala, mtihani, usajili, leseni ya ukaguzi, ukaguzi wa ubora wa kazi za wakaguzi, na nidhamu. Mwenye funguo zote hawezi kusema mlango ulifungwa na mwingine.

Kuna kasoro moja ya kimuundo ambayo ni haki kuitaja. Bodi iko chini ya Wizara ya Fedha, na sehemu kubwa ya wahasibu inaowasimamia ni waajiriwa wa Serikali. Kumhukumu mhasibu wa halmashauri ni kugusa pia mkurugenzi aliyemwagiza, na nyuma ya mkurugenzi mna mamlaka nyingine. Tunaelewa ugumu huo. Ila hatuoni kwamba unatosha kuwa kisingizio, kwa maana kesi ya nidhamu ya kitaaluma haiulizi nani alimteua mtu. Inauliza alisaini nini na alijua nini.

Tuje kwenye jambo ambalo bado linawauma watu. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa siku moja: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Benki ya Wakulima Kagera na Meru Community Bank. Sababu iliyotolewa ilikuwa upungufu wa mtaji. Bima ya amana wakati huo ilikuwa na ukomo wa shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Zaidi ya hapo mtu alitakiwa kusubiri ufilisi. Tazameni majina hayo. Wateja wa benki kama hizi si matajiri wa mjini. Ni wakulima wa kahawa na viazi, akina mama wa vikundi, waumini, walimu wastaafu. Wengi wao hawajawahi kusoma mizania, na hakuna aliyewatarajia waisome. Walitegemea kwamba yupo mtu aliyesomea kazi hiyo, aliyekaguliwa na Bodi, ambaye kila mwaka huweka sahihi yake chini ya hesabu na kusema zinaonyesha hali halisi.

Mtaji wa benki hauyeyuki usiku mmoja. Hatusemi kwamba wakaguzi wa benki zile walikosea; huenda walionya, na huenda onyo lao lilipuuzwa. Tunasema kwamba benki inapofungwa, taasisi ya taaluma inapaswa yenyewe, bila kuombwa, kufungua mafaili ya mkaguzi, kupitia kazi yake ya miaka iliyotangulia na kuueleza umma ilichokuta. Kama alifanya kazi yake, asafishwe hadharani. Kama hakufanya, aondolewe hadharani. Kumwacha mwenye amana wa Njombe akikisia ni kumdhulumu yeye na kumdhulumu pia mkaguzi mwadilifu anayebeba shaka isiyo yake.

Katika sekta binafsi uozo una sura nyingine, na kila mwenye duka la jumla Kariakoo anaujua: hesabu za Mamlaka ya Mapato (TRA) na hesabu za benki. Zile za TRA zinaonyesha biashara inayokaribia kufa. Zile za kuombea mkopo zinaonyesha biashara inayonawiri. Mwaka ni uleule, duka ni lilelile. Sheria inataka ritani ya kodi ya kampuni iandaliwe au ithibitishwe na mhasibu aliyesajiliwa kufanya kazi kwa umma, na benki nazo hudai hesabu zilizokaguliwa. Basi kila zinapotoka hesabu mbili kwa biashara moja, kuna muhuri wa mtu aliyeapa kutofanya hivyo, au muhuri wa kughushi. Yote mawili ni kazi ya NBAA kuyafuatilia.

Bodi imekuwa ikionya mara kwa mara dhidi ya vishoka, watu wanaofanya kazi ya uhasibu bila kusajiliwa. Onyo hilo ni sahihi. Hata hivyo kishoka hana cheti cha kunyang'anywa. Ni wa kupelekwa polisi na kesi yake inaishia hapo. Anayeivunjia taaluma heshima kuliko kishoka ni yule aliyefaulu mitihani yote, anayejua viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha kwa moyo, na anayetumia ujuzi huo kuficha. Nguvu ya Bodi ipimwe kwa huyo.

Sasa tufike kwenye upande ambao husahaulika, na ambao kwetu ndio mzito kuliko yote. Si kila sahihi mbaya hutiwa na mwizi. Ofisi zetu zina wahasibu wengi waliowahi kuletewa hati ya malipo saa kumi jioni, bila mkataba, bila hati ya kupokelea mali, pamoja na ujumbe kwamba "mkubwa anataka leo". Anayekataa huanza kuitwa mkorofi. Safari za kikazi humpita, kisha siku moja barua ya uhamisho inafika. Anayekubali hulala vizuri hadi wakaguzi wa CAG wabishe hodi, na hapo yule mkubwa huwa hakumbuki kuagiza kitu. Mkubwa hakuacha maandishi. Sahihi iliyopo ni ya mhasibu.

Mhasibu wa namna hiyo anahitaji mtu nyuma yake. Kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu, ambazo vyombo wanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Wahasibu (IFAC) kama NBAA vinawajibika kuzifuata, tangu Julai 2017 zinampa mhasibu wajibu wa kuchukua hatua anapokutana na uvunjaji wa sheria kazini, na zinamruhusu katika mazingira fulani kuiweka kando siri ya mwajiri na kutoa taarifa kwa mamlaka. Bunge letu nalo lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015. Karatasi zipo. Lakini mhasibu wa wilaya ya pembezoni, akikataa kusaini leo, atampigia nani simu kesho asubuhi? Bodi inamfahamu kwa namba ya usajili, inamdai ada ya mwaka, inamtaka atimize saa za mafunzo endelevu. Siku anapoadhibiwa kwa kufuata kanuni ambazo Bodi yenyewe imemfundisha, ana haki ya kuiona ikisimama naye: ikimwandikia mwajiri, ikimpatia wakili, ikimtetea mbele ya Tume ya Utumishi wa Umma.

Na hapa adhabu na ulinzi vinakutana. Mhasibu atapata ujasiri wa kumwambia mkurugenzi "nikisaini hii nitafutwa kwenye rejesta" pale tu ambapo kufutwa kwenye rejesta kunatokea kweli, na mkurugenzi analijua hilo. Bodi isiyofuta mtu inamwacha mwadilifu bila jibu la kumpa bosi wake.

Matokeo ya mitihani hutangazwa nchi nzima, na waliofanya vizuri hupewa zawadi mbele ya kamera. Tunataka maamuzi ya nidhamu yatangazwe kwa sauti hiyohiyo: jina, namba ya usajili, kosa, adhabu, kwa Kiswahili ambacho mwenye amana wa Meru atakielewa, magazetini na katika mbao za matangazo za halmashauri husika. Rejesta iliyo wazi ionyeshe waliosimamishwa na waliofutwa, si walio hai tu. Waziri wa Fedha naye awasilishe bungeni mabadiliko ya sheria yatakayoifanya kamati ya nidhamu ya Bodi iwe na majaji wastaafu na wawakilishi wa umma wasio wahasibu, ili uamuzi wa kumgusa mtumishi wa Serikali usitegemee ujasiri wa mtu mmoja mwenye kiti.

Hakuna haja ya kusubiri sheria mpya ili kuanza. Ripoti ijayo ya CAG itakuja kama zote zilizotangulia. Tunaitaka NBAA iisome siku ileile itakapowekwa mezani, imwandikie CAG kuomba majina ya wahasibu waliosaini malipo yaliyotiliwa shaka, ifungue mafaili, na ndani ya miezi sita iwaeleze Watanzania ni wangapi wamefutwa, ni wangapi wamesafishwa na ni wangapi walioonewa na waajiri wao wametetewa. Ikishindwa, Bunge liiondolee mamlaka ya nidhamu na kuyakabidhi kwa chombo kingine, na Bodi ibaki na mitihani yake.