Mwandishi wa habari anafundishwa mu redaksio, hapana mu hoteli



Asubuhi, mbele ya kutoka nyumbani, mama anayeenda soko anasikiliza redio kwanza. Dereva wa taksi-moto vilevile. Wanataka kujua: barabara ya Komanda iko wazi? Kule Djugu usiku ulipita namna gani? Hapa Ituri habari si kitu cha kupitisha wakati. Mtu anaamua kulala kwake ao kukimbia kwa sababu ya sentensi moja aliyosikia.

Basi swali letu leo ni hili: yule anayesoma ile sentensi, nani alimfundisha kazi?

Nitatoa mfano wangu mwenyewe. Nilisoma mawasiliano mu chuo kikuu, kisha nikafanya staji ya miezi tatu mu redio moja ya hapa mjini. Siku ya pili tu walinipa mikro. Wiki ya tatu nikasoma mu habari za jioni kama watu wenye silaha wameonekana pembeni ya kartie moja. Niliitoa wapi? Mu grupu ya WhatsApp. Hakuna mtu mu redaksio aliyeniuliza: "Nani alikuambia? Umempigia shefu wa kartie simu?" Usiku ule familia zilibeba magodoro, zikaenda kuomba mahali pa kulala upande mwingine wa mji. Jirani yetu mmoja, mama mwenye mimba kubwa, alitembea na miguu, mvua inanyesha. Kesho yake tukajua ukweli: walikuwa vijana wanaotoka shamba na mapanga yao.

Hakuna aliyekufa. Lakini kwetu hapa, watu wakikimbia usiku, swali la kwanza ni "nani anatukimbiza?", na mara nyingi jibu linalotolewa ni jina la kabila. Kutoka pale, wenyewe munajua mambo yanaishia wapi.

Sikukuwa na nia mbaya. Kozi ya maadili ya kazi nilikuwa nimeisoma, na pointi nzuri nikapata. Kumbe kujua kanuni ni kitu kimoja, na kuikumbuka saa habari inabaki dakika tano ianze ni kitu kingine. Hiyo ya pili unaijifunza mu kazi, pembeni ya mtu anayeijua.

Wengine watasema: mbona formasio ziko kila wakati? Ziko, ndiyo. Na vile zinapita tunajua wote: siku mbili tatu mu hoteli, kitambaa chenye majina ya wafadhili ukutani, kafe ya saa ine, picha ya pamoja, sertifika, pesa ya transporti. Mara nyingi anayetumwa ni mkubwa wa redio. Yule kijana anayesoma habari kila siku anabaki nyuma. Mkubwa akirudi, redio iko vilevile. Kompyuta ni moja, uniti za kupiga simu hakuna, mkutano wa asubuhi hakuna. Yale aliyofundishwa yanabaki mu droo pamoja na sertifika.

Sisi tunaomba namna ingine. Mwandishi mwenye uzoefu aje akae ndani ya redaksio wiki mbili tatu. Aingie mu mkutano wa asubuhi. Atoke na kijana kwenda kutafuta habari. Jioni wasikilize pamoja ile habari iliyosomwa, asimamishe sauti, aulize: "Hapa umesema 'inasemekana'. Nani anasema?" Mbele ya kuondoka, aandike na mkuu wa redaksio ukurasa mmoja wa kubandika ukutani: vyanzo viwili kwa kila habari ya usalama, kusikiliza pande zote, kutotaja kabila kama halisaidii kuelewa habari. Kisha arudi kisha miezi tatu kuangalia kama ule ukurasa bado uko ukutani na kama unafuatwa.

Hii si ndoto. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, vita bado inaendelea, kwa kazi ya MONUC na Fondation Hirondelle ya Uswisi. Ilitangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zetu ine za taifa. Wakongomani wengi walikomalia kazi mule ndani, wakiifanya kila siku, na mtu wa kuwasahihisha yuko karibu. Lakini Okapi inatembea pamoja na misioni ya ONU, na MONUSCO ilishatoka Kivu ya Kusini mu 2024. Vijana wengi wa Mashariki waliandamana Julai 2022 wakiomba iondoke. Sawa. Ile siku itatoka Ituri pia, ile shule ya habari nani ataishika?

Tusijidanganye kama ni jambo dogo. Jirani yetu Rwanda ilionyesha mu 1994 redio inaweza kufanya nini: tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya Arusha iliwahukumu viongozi watatu wa vyombo vya habari kwa mauaji ya kimbari. Na redio ikifanya kazi nzuri, vilevile kuna hatari. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200 mu Mashariki yetu, Papy Mumbere Mahamba alikuwa anaeleza watu ugonjwa kwa redio ya jamii ya Lwemba, teritware ya Mambasa. Mu Novemba 2019 aliuawa nyumbani kwake. Njo maana mafunzo ya mu redaksio lazima yafundishe pia namna ya kujilinda: nani anajua uko wapi, unarudi saa ngapi, ukitishwa unaita nani.

Kuna wanaosema: mwandishi asiyekuwa na mshahara, utamfundisha nini? Ataendelea na "coupage" tu, yaani kulipwa na yule anayemtangaza. Wana haki. Mafunzo hayawezi kuchukua nafasi ya mshahara, na wenye redio wasijifiche nyuma yake. Lakini pesa ya hoteli, ya chakula na ya transporti ya watu thelathini inatosha kumlipa mkufunzi mmoja akae redaksio wiki kadhaa. Na tangu Marekani isimamishe misaada mu Januari 2025, tumeona vile ni hatari kungojea wafadhili kwa kila kitu. Bunia iko na wandishi wazee, waliopita vita zote hizi na mikro mkononi. Tuanze na wao.

Kwa hiyo tunaomba:

Wenye redio: staji isiwe kazi ya bure isiyo na mwangalizi. Kila kijana apewe mtu mmoja wa kumfuata na kumsahihisha, na asipewe mikro kwa habari za usalama mbele ya wakati.

UNPC ya Ituri: itume wandishi wazoefu waende redio kwa redio, mpaka Aru, Mahagi na Mambasa. Na wabebe sheria ya habari ya 13 Machi 2023. Tuko chini ya état de siège tangu 6 Mei 2021. Mwandishi asiyejua sheria inamruhusu nini, ataogopa kila kitu ao atasema chochote.

Wafadhili: kabla ya kulipia sala ya hoteli, ulizeni redaksio inakosa nini.

Na sisi wenyewe. Redio ikisoma uongo, tusiishie kuitukana mu Facebook. Piga simu, ama enda pale mlangoni, uliza kwa heshima: "Hii habari nani aliihakikisha?" Mimi wakati wa staji yangu, hata musikilizaji mmoja hakuja kuniuliza. Angekuja siku ile, ningeshindwa kumujibu, na pengine ningeanza kujifunza kutoka pale.