Mfupi lakini ana mbio: kijana wa namna hiyo tumpime kwa kipimo gani?

Siku ya posho asubuhi, kwenye viwanja vya Katindo, Majengo ao Ndosho, utaona jambo moja likirudia. Vijana wanapangwa mstari. Kocha anapita mbele yao, anaangalia mabega, anaangalia mapaja, kisha anachagua: «Weye, kuya huku. Weye pia. Huyu mutoto iko na mbio, lakini iko mufupi sana. Bakubwa batamuvunja.» Mpira haujaguswa bado, na tayari kuna mtoto anarudi nyumbani.

Je, kocha huyo anakosea? Jibu si rahisi vile tunavyozania.

Tukumbuke Kigali, 2016

Tarehe 7 Februari 2016, Leopards walicheza fainali ya CHAN na Mali mjini Kigali. Watu wengi wa Goma wanaikumbuka siku ile, maana ilikuwa hapa jirani. Kongo ilishinda 3-0. Mabao mawili yaliwekwa na Meschak Elia, kijana wa CS Don Bosco ya Lubumbashi, aliyekuwa na miaka 18 tu. Hakuwa mrefu, hakuwa na kifua cha kutisha. Alikuwa na mbio, na alijua wakati wa kuzitumia. Mwisho wa mashindano alichaguliwa kuwa mchezaji bora.

Kuna waliosema kwamba CHAN ni ya wachezaji wa nyumbani tu, Ulaya wangemmeza. Elia alipita TP Mazembe, na mwanzoni mwa 2020 akafika Young Boys ya Uswisi. Oktoba 2023, katika Ligi ya Mabingwa, aliwakimbia mabeki wa Manchester City na kuinua mpira juu ya kipa Ederson. City walishinda 3-1, lakini lile bao moja lilikuwa lake. Na tarehe 16 Novemba 2025 mjini Rabat, Nigeria walipotangulia mapema, nani alisawazisha? Ni yeye Elia. Kongo ikapita kwa penalti.

Marekani nao wana ubishi huu

Familia nyingi za Kivu ziko Marekani leo, na watoto wao wanaingia katika mpira wa kule, ule wa kubeba kwa mikono. Ndani yake kuna kazi moja ngumu: kumkimbilia mpiga pasi wa adui na kumwangusha kabla hajatupa mpira. Mbele yako kuna walinzi wenye kilo 140 na zaidi. Kwa hiyo makocha wa kule wanapenda watu wakubwa kwa kazi hiyo.

Mwaka 2003, timu ya Indianapolis Colts ilimchukua Robert Mathis, kijana wa chuo kidogo cha Alabama A&M. Ana sentimita 188. Kwetu huyo ni jitu, lakini kule walimwona mdogo. Wachezaji 137 walichaguliwa mbele yake. Mwaka wa kwanza alikuwa musaidizi tu. Mwaka wa pili akaangusha wapiga pasi zaidi ya mara 10. Alipoacha mchezo alikuwa amefikisha mara 123.

Sasa sikia hii. Mwaka 2013, timu hiyo hiyo ilimleta Mkenya, Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa akicheza ragbi. Sentimita 196, kilo zaidi ya 120: mwili ambao kila kocha anauota. Lakini hakuwa amewahi kucheza mchezo huo. Mwaka ule ule Mathis, aliyeitwa mdogo, aliongoza ligi nzima kwa kuangusha wapiga pasi. Adongo alicheza mechi chache tu, na kufika 2015 alikuwa ameondoka. Hatumcheki: alitupwa katika kazi ambayo wenzake waliianza wakiwa watoto. Mwili alikuja nao. Kazi yenyewe ilihitaji miaka.

Mbio peke yake haitoshi

Hapa tuwe wakweli. Vijana wenye mbio wako wengi Goma, na wengi hawafiki popote. Mathis alidumu kwa sababu ya hatua yake ya kwanza na kazi ya mikono: mlinzi alipotaka kumshika, mkono ulikuwa umekwisha pigwa pembeni. Elia naye hakimbii tu, anangoja beki ageuke kwanza.

Kwa hiyo kijana mfupi apimwe kwa mambo matatu. Kwanza, mita tano za mwanzo, maana mchezo unaamuliwa pale kuliko katika mita mia. Pili, anafanya nini mtu mkubwa akishamgusa: anaanguka na kulalamika, ao ana njia ya kutoka? Tatu, ulichomfundisha leo, wiki ijayo atakuwa nacho? Kama yote matatu hayako, kocha ana haki ya kumwambia aendelee kujifunza kwanza.

Lakini kuna la nne, na hili linatuhusu sana sisi. Kati ya vijana wawili wanaosema wana miaka 14, mmoja anaweza kuwa na 17 kwa kweli. Kupunguza miaka ni ugonjwa tunaoujua wote. Basi mara nyingi kocha anafikiri amechagua kipaji, kumbe amechagua umri. Baada ya miaka mitatu, yule mkubwa amefika mwisho wake, na yule mdogo ameacha mpira, anauza maji Birere.

Kwa nini hili ni la haraka

Mji uliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na uwanja wa ndege ukafungwa. Mtu wa kutafuta wachezaji kutoka Kinshasa ao Lubumbashi hafiki hapa kirahisi. Kijana wa Goma anapimwa mara moja, na kocha wa mtaa, basi. Akikataliwa kwa kuangaliwa tu, hakuna mlango mwingine. Na wazazi wanajua kinachowangoja vijana wasio na kazi wala uwanja katika nchi yenye vita.

Hatuombi makocha wamchukue kila mfupi. Tunaomba tu mambo yasiyo na bei: uliza karatasi ya shule kabla ya kuangalia mabega, mpe yule mdogo dakika ishirini na mpira mguuni, kisha mwite tena wiki inayofuata. Ukimkataa baada ya hapo, utakuwa umemkataa baada ya kumwona.