Nyumba ya Kupanga Ikipakwa Rangi

Aliyewahi kupanga Dar es Salaam anaijua furaha ya kumwona fundi rangi akiingia uani, na anaujua wasiwasi unaofuata. Ukuta unang'aa, bomba lililovuja mwaka mzima linabadilishwa, kisha miezi sita ikiisha mwenye nyumba anabisha hodi kwa upole usio wa kawaida: anataka mzungumze habari ya kodi. Vijana wetu wa programu, ambao hata maandishi ya kompyuta wanayaita kodi, wamepanga nyumba za aina hiyo bila kuwahi kuziona kwa macho. Programu zao zinakaa kwenye majukwaa ya wingu, na kila baada ya miezi michache majukwaa hayo hutangaza vipengele vipya. Mpangaji ashangilie au aanze kuhesabu fedha zake?

Chukua Heroku, jukwaa ambalo wengi wa kizazi hiki walijifunzia. Lilianzishwa Marekani mwaka 2007 na watu watatu waliowalenga waandishi wa programu za Ruby. Kabla yake, kuiweka programu hewani kulimaanisha kukodi seva, kuipandishia mfumo endeshi, kuilinda, kuitunza kanzidata, na kuamshwa saa nane usiku kwa sababu diski imejaa. Heroku walizigeuza shughuli zote hizo kuwa amri moja ya kusukuma kodi. Wao wanaipokea, wanaitambua lugha uliyotumia, wanaifungasha kwenye kisanduku wanachokiita dyno, na dakika chache baadaye una anwani ya kumtumia mteja. Desemba 2010 Salesforce walitangaza kulinunua kwa dola milioni 212. Mwaka uliofuata toleo la Cedar likawakaribisha hata wasiotumia Ruby.

Matoleo yao huitwa kwa majina ya miti, na mti wa karibuni, Fir, ulitangazwa Desemba 2024. Ndani yake mna mambo mengi: saizi zaidi za dyno, vichakataji vya Arm, na vionjo vya akili mnemba ambavyo siku hizi kila tangazo lazima liwe navyo kama pilau lazima liwe na bizari. Hayo nayapita. Kilicho kikubwa kiko chini ya sakafu. Kwa miaka mingi mitambo iliyoziendesha dyno ilikuwa ya Heroku peke yao, mfano wa kitasa kilichochongwa na mwenye nyumba ambacho hakuna duka linalouza ufunguo wake. Fir imejengwa juu ya Kubernetes, mtambo uliozaliwa Google na kufunguliwa kwa umma mwaka 2014. Jina lake ni la Kigiriki, maana yake mshika sukani. Kufungasha kodi sasa kunafuata utaratibu wa wazi wa Cloud Native Buildpacks, ambao unaweza kuuendesha kwenye kompyuta yako na kupata kontena linaloweza kukaa kwa mwenye nyumba mwingine. Vipimo vya mwenendo wa programu navyo hutolewa kwa OpenTelemetry, lugha inayosomwa na vyombo vingi.

Wengi walilisoma tangazo hilo kama habari ya kasi. Mimi nililisoma kama habari ya mlango wa uani. Mpangaji anayeweza kubeba godoro na sufuria zake akahama kwa siku moja huzungumza na mwenye nyumba kwa sauti tofauti na yule aliyepigilia makabati ukutani.

Vile vipimo vya mwenendo wa programu vina kisa chake. Februari 2013 wenye tovuti ya Rap Genius waligundua kwamba namna ya kugawa maombi ya watumiaji kwa dyno ilikuwa imebadilika. Wao waliamini, kwa kusoma maelezo ya jukwaa, kwamba kila ombi linapelekwa kwenye dyno iliyo na nafasi. Kumbe lilipelekwa popote kwa kubahatisha, kama mteja wa benki anayelazimishwa kupanga foleni dirisha la tatu wakati dirisha la nne karani anapiga miayo. Waliongeza dyno, wakalipa zaidi, na foleni haikupungua. Kibaya zaidi, chombo cha vipimo walichokuwa wakikitegemea hakikuonyesha muda ambao maombi yalikaa foleni. Heroku waliomba radhi hadharani. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba vipimo vya wazi ni jambo la mafundi tu, namuuliza kama angekubali kulipia umeme kwa mita iliyofungwa chumbani kwa mwenye nyumba.

Mabadiliko mengine hutangazwa vizuri kabisa, na bado yanauma. Agosti 2022 Heroku walisema huduma yao ya bure inakwisha, na Novemba 28 mwaka huo ikakwisha kweli. Dyno ya bure ilikuwa na tabia ya kusinzia ikikaa nusu saa bila mgeni, lakini ilitosha kumwonyesha mwalimu kazi au kumshawishi mteja wa kwanza. Dola tano au saba kwa mwezi si fedha ya kutisha kwa mtu wa California. Kwa mwanafunzi wa Dodoma ni suala la kadi inayokubalika nje na salio lililobaki baada ya kununua bando. Sisemi walidhulumu. Huduma ya bure ilivamiwa pia na matapeli, jambo ambalo Heroku wenyewe walilitaja, na hakuna mwenye nyumba anayelazimika kumlaza mtu bure. Nasema tu kwamba waliozijenga kazi zao juu ya fadhila hiyo walipewa miezi mitatu.

Halafu kuna dola yenyewe. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilibadilishwa kwa shilingi 123 hivi za Kenya. Januari 2024 ilikwishafika 160. Kampuni ya Nairobi yenye ankara ileile, dyno zilezile na wateja walewale, ilijikuta ikilipa karibu theluthi moja zaidi bila jukwaa kupandisha bei hata senti. Shilingi iliimarika baadaye, lakini aliyekuwa akilipa mishahara mwezi ule hakuambiwa asubiri.

Nakubali hoja ya wanaotetea kupanga, na ina nguvu. Timu ya watu wawili pale Mwenge haina mtu wa kulinda seva usiku. David Heinemeier Hansson wa 37signals alipotangaza Oktoba 2022 kwamba kampuni yake inalihama wingu, alishangiliwa sana, hata huku kwetu. Lakini kampuni hiyo ilitumia zaidi ya dola milioni tatu za wingu mwaka huo, ilikuwa na mafundi wake, na ilimudu kununua seva za laki kadhaa za dola kwa mkupuo. Mwenye viwanja vitatu akikushauri uache kupanga, mshukuru kisha utazame mfuko wako.

Ila usalama wa kupanga nao una mipaka. Juni 10, 2025 Heroku ilianguka kwa muda mrefu, kwa baadhi ya wateja karibu siku nzima. Sababu ilikuwa sasisho la mfumo endeshi lililojiendesha lenyewe kwenye mitambo ya uzalishaji ambako halikupaswa kuendeshwa, likaivuruga mitandao ya ndani. Ukurasa wa kuwapa wateja taarifa nao ulitegemea mitambo hiyohiyo. Moto umeshika, na simu ya kuita zimamoto iko ndani ya chumba kinachoungua.

Kwetu huongezeka bahari. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Programu iliyopangishwa Ulaya ilikuwa hai huko iliko; mtumiaji wa Kariakoo ndiye hakuweza kuifikia. Kwa malipo au orodha ya wagonjwa, sioni kipengele cha jukwaa lolote la mbali kinacholiziba pengo hilo. M-Pesa yenyewe, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ilikuwa na seva zake Ujerumani hadi 2015 zilipohamishiwa nyumbani.

Kwa hiyo timu ile ya Mwenge ningeiambia ibaki kwenye jukwaa, lakini itenge Jumamosi moja. Wachukue nakala ya kanzidata, wakodi seva ndogo iliyo karibu, waweke Dokku, programu huria ya mwaka 2013 inayopokea kodi kwa amri ya kusukuma kama Heroku, kisha wajaribu kuisimamisha programu yao hapo hadi mteja aweze kuingia. Watakapokwama ni mahali walipopigilia makabati: kazi za ratiba, huduma za nyongeza za barua pepe, picha zilizohifadhiwa kusikojulikana. Wayaandike hayo, pamoja na saa zilizotumika. Karatasi hiyo waiweke karibu siku tangazo lijalo la vipengele vipya litakapoingia kwenye barua pepe.