Karate Si ya Samurai

Kumbi za karate nilizowahi kuingia, kubwa kwa ndogo, karibu zote zina picha ya samurai ukutani: kofia ya chuma yenye pembe, panga mbili kiunoni, macho makali. Chini yake watoto wa mikanda myeupe wamepiga magoti na kuinamisha vichwa. Mtoto akiuliza karate ilitoka wapi, huonyeshwa picha ile na kuambiwa ni ya mashujaa hao, tangu zama na zama. Maneno hayo yananichoma. Samurai ndiye aliyeuvamia ufalme wa watu walioizaa karate, nasi tunamvisha mvamizi sifa ya aliyevamiwa.

Watu hao ni wa Okinawa, kisiwa kikubwa cha funguvisiwa la Ryukyu, kusini kabisa mwa Japani ya leo. Walikuwa na mfalme wao, lugha yao, na mji mkuu wao Shuri, na majahazi yao yakienda China na kusini-mashariki mwa Asia kufanya biashara. Mwaka 1609 samurai wapatao 3,000 wa Satsuma, jimbo la kusini mwa Japani, walishuka pwani wakiwa na bunduki, wakamchukua mfalme Sho Nei mateka na kuwatwisha watu wake kodi. Mwaka 1879 serikali ya Tokyo iliufuta ufalme wenyewe. Sho Tai, mfalme wa mwisho, alihamishiwa Tokyo, na nchi yake ikageuzwa mkoa. Baadaye mtoto wa shule aliyesikika akisema lugha ya mama yake alivalishwa kibao shingoni. Wapo wasomaji wa makala hii wanaokijua kibao cha namna hiyo bila kufika Okinawa.

Ndani ya ufalme huo ndimo ilimolelewa sanaa iliyoitwa kwa kifupi te, yaani mkono, au tode, mkono wa China. China haikutajwa kwa mapambo. Kata, yaani mfululizo uliopangwa wa mapigo, maarufu kwa jina la Kushanku inabeba jina la Mchina. Higaonna Kanryo alivuka bahari hadi Fuzhou, China, kujifunza, na aliyorudi nayo ndiyo mwanafunzi wake Miyagi Chojun aliyoyajengea mtindo wa Goju-ryu. Kila anayesimama katika kata ya Sanchin, miguu imekaza na pumzi ikitoka tumboni, anasimama juu ya daraja kati ya Naha, mji wa Okinawa, na Fuzhou. Samurai hayupo hapo.

Tazama na miaka. Samurai walipigwa marufuku kubeba panga hadharani mwaka 1876. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule kutoka Shuri, aliionyesha karate Tokyo mwaka 1922. Ni miaka 46 kati ya upanga kuwekwa chini na karate kupokelewa katika mji mkuu wa Japani. Samurai walikuwa na mafunzo yao: upanga, mkuki, upinde, farasi, jujutsu. Ni makubwa na yana heshima yake. Hayahitaji kuazimwa kitu cha jirani.

Basi huo “ukale” tunaouona ulitoka wapi? Mwingi ulishonwa katika miaka ya 1920 na 1930. Nguo nyeupe na mkanda mweusi ni vya judo, mchezo ulioasisiwa na Kano Jigoro alipofungua shule yake ya Kodokan mwaka 1882. Yeye ndiye aliyewafunga wanafunzi wake wa dan, daraja la waliobobea, mkanda mweusi. Funakoshi alivichukua, na mwaka 1924 akatoa vyeti vyake vya kwanza vya dan. Kwa hiyo ile hadithi tamu ya mkanda mweupe uliochafuka kwa jasho na vumbi la miaka hadi ukawa mweusi, haina msingi. Ni utaratibu wa shule, kama sare.

Lililofanywa kwenye majina ni zito zaidi. Karate iliandikwa kwa herufi iliyomaanisha China. Japani ya wakati ule ilikuwa inajiandaa kuivamia China, na kitu chenye jina hilo kisingepata mlango wazi. Herufi ikabadilishwa, matamshi yakabaki, na “mkono wa China” ukawa “mkono mtupu”. Kata ya Kushanku ikaitwa Kanku, zile za Pinan zikaitwa Heian. Mwaka 1933 Dai Nippon Butokukai, chama kikuu cha sanaa za mapigano, kiliipokea karate kuwa ya Kijapani. Sitaficha kwamba walimu wa Okinawa wenyewe walishiriki: Hanashiro Chomo aliiandika herufi ya “mtupu” tangu 1905, na tarehe 25 Oktoba 1936 wakubwa wa sanaa hiyo walikutana Naha na kulikubali jina jipya. Lakini mtu anayetaka kitu chake kiishi katika nyumba ya bwana aliyemmeza hana machaguo mengi, na kukubali kwake hakumfanyi bwana kuwa mzazi.

Kuna wanaoikataa hadithi ya samurai na kukimbilia nyingine, ya wakulima maskini wanaovunja silaha za kivita kwa ngumi. Nayo haisimami; tazama mabingwa wa karate wenyewe. Matsumura Sokon alikuwa mlinzi wa wafalme wa Shuri. Itosu Anko, aliyeiingiza karate katika shule ya msingi mwaka 1901, alikuwa karani wa serikali ya kifalme. Motobu Choki alizaliwa katika ukoo wa kifalme. Hii ilikuwa elimu ya watu wa ikulu, waliosoma vitabu vya Kichina asubuhi na kufanya mazoezi usiku.

Nimeambiwa: lakini ni picha tu ukutani, ina ubaya gani? Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Mwaka 1945 vita vilipita Okinawa na kuua zaidi ya laki moja ya watu wake. Ngome ya Shuri, ambayo chini yake jeshi la Japani lilichimba makao, ilisagwa kwa mabomu. Miyagi alipoteza watoto wake na maandishi yake. Ufalme umekwenda, lugha inafifia, ngome iliyojengwa upya iliungua tena mwaka 2019. Kimoja chao kimeshika dunia nzima, nacho tunakiandika jina la aliyewapiga.

Tarehe 6 Agosti 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan, Kiyuna Ryo alishinda dhahabu ya kata ya wanaume. Ni mzaliwa wa Okinawa, na kabla yake hakuna mtu wa kisiwa hicho aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki. Alisimama jukwaani na picha ya marehemu mama yake mkononi. Mwalimu anayetafuta picha ya kutundika ukutani, aanze na hiyo.