Kaptura ya Ngozi ni ya Nani?

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Ni kweli tupu, lakini hawakutuambia hili: je, ikiwa nguo ni yako, umezaliwa ukaikuta nyumbani kwenu, kisha serikali ikuambie uivue kwa kuwa si yako, utafanyaje? Nauliza kwa sababu katika chama chetu wapo wenzangu wanaopenda kusema, "Vazi hili la jadi ni la fulani, wewe halikuhusu." Wasomaji wapenzi, hebu twende hadi Ujerumani ya katikati ya karne ya 20 tukawaone watoto wa huko.

Mvulana wa Bavaria, upande wa kusini, alivaa kaptura ya ngozi iitwayo Lederhose. Ile si mchezo! Iliyo bora ilikuwa ya ngozi ya kulungu iliyolainishwa kwa mafuta ya samaki, ina kanda mbili za mabegani zilizounganishwa kifuani, na mbele ina kifuniko cha vifungo vya pembe. Haikufuliwa ovyo kama shati. Mtoto alipanda nayo miti, akaserereka nayo mawe, nayo ikazidi kung'aa tu. Ikimbana mkubwa, mdogo anairithi. Akina mama waliipenda kwa sababu hiyo zaidi ya jadi, na ndiyo maana hata wavulana wa kaskazini, ambao babu zao hawakuijua, walikuja kuivaa.

Baridi ilipoingia, tena baridi ya theluji, wavulana wengi hawakupewa suruali ndefu. Hiyo ilikuwa ya wakubwa. Walivishwa kaptura juu ya soksi ndefu za sufi zilizofika mapajani, zikashikwa kwa kanda za mpira zilizoning'inia kwenye kizibao cha ndani, Leibchen. Wasichana kadhalika. Sufi ile iliwasha, wacha tu! Kwa maoni yangu ule ulikuwa ukatili mdogo wa wazazi, na taiti zilizoenea miaka ya 1960 zilikuwa ukombozi.

Wasichana nao walikuwa na dirndl: blauzi nyeupe, kizibao cha kubana, sketi pana na aproni. Jina lenyewe linatokana na neno la kumwita mtumishi wa kike. Waliochangia sana kulifanya vazi hilo la kijakazi liwe fahari ya mjini ni ndugu wawili wenye duka mjini Munich, Julius na Moritz Wallach. Nao walikuwa Wayahudi.

Hapo ndipo penye donda. Wanazi waliposhika hatamu mwaka 1933, waliyakumbatia mavazi hayo wakidai ni alama ya damu ya Kijerumani. Watoto wakatiwa katika sare za chama: wavulana shati la kahawia na kaptura nyeusi, wasichana blauzi nyeupe na sketi ya buluu. Kufikia 1939 kujiunga kulikuwa lazima. Mwaka 1938, Austria ilipokwisha kumezwa na Ujerumani, polisi wa Salzburg waliwapiga Wayahudi marufuku kuvaa kaptura za ngozi na dirndl, hata soksi nyeupe! Mwaka huo huo akina Wallach walilazimishwa kuliachia duka lao. Fikirini mtoto wa miaka minane, mzaliwa wa milima ile ile, kaptura imeshika umbo la magoti yake, anaambiwa aivue kwa kuwa damu yake hairuhusu.

Watakuwako watakaosema vazi lilichafuka, lingetupwa. Siafiki. Kitambaa hakina chama. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, dhiki ilipozidi, akina mama walishona nguo za watoto kwa mablanketi ya jeshi, na wengine wakazifumua bendera nyekundu za Wanazi wakapata sketi. Kaptura ya ngozi nayo ikaendelea kuvaliwa, maana haikuisha.

Wapo pia wanaolia kwamba jinzi za Marekani ndizo zilizoiua jadi. Kumbe Levi Strauss, mwenye jinzi, alizaliwa Bavaria hiyo hiyo, kijijini Buttenheim, mwaka 1829, naye pia Myahudi! Na jadi yenyewe ilikuwa imeanza kufifia zamani, hata mwalimu mmoja wa Bayrischzell, Josef Vogl, akaunda chama cha kuihifadhi kaptura mwaka 1883. Chama, jamani, kama hiki chetu.

Kwa hivyo nina ombi kwa mlezi na viongozi wa chama. Tutakapoandaa tena maonyesho ya mavazi, orodha ya washiriki isiwe na safu ya kabila. Anayetaka kuvaa shuka, leso au kanzu aandikwe jina na kidato chake, basi.