UCHAMBUZI: Madiko ya wavuvi wa Watamu yapimwe kabla ya hoteli nyingine kujengwa

ANAYEZURU Watamu leo, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa, hulakiwa na mabango ya hoteli, mikahawa ya Kiitaliano na majumba ya kifahari yaliyojipanga ufuoni. Si rahisi kuamini kwamba hapa palikuwa kijiji cha wavuvi, wengi wao Wabajuni, waliotegemea ngalawa, mishipi na madema.

Wavuvi hao ndio waliotangulia kuugharimia utalii huo. Mnamo 1968 serikali ilitenga sehemu ya bahari yao kuwa mbuga, miongoni mwa mbuga za kwanza za baharini barani Afrika. Ndani ya eneo hilo la kilomita 10 mraba uvuvi ulipigwa marufuku kabisa. Matumbawe na samaki waliosalimika ndio wanaomvuta mgeni, naye hulipa ada kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kabla ya kutia mguu majini. Nisieleweke vibaya: bila marufuku hayo, huenda hata wavuvi wenyewe wangebaki na bahari tupu. Lakini deni ni deni.

Kwenye nchi kavu mambo ni magumu zaidi. Sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwataka wenye ardhi katika ukanda wa Pwani kuwasilisha madai yao kwa mkoloni, na ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya Ufalme wa Uingereza. Wengi hawakudai. Wajukuu wao wakageuka maskwota mahali walikozikwa babu zao. Utalii uliposhika kasi, ploti za ufuoni zikawa dhahabu, na mwenye hati ndiye aliyeuza.

Katiba ya 2010 inasema waziwazi, katika Kifungu cha 62, kwamba ardhi yote iliyo kati ya kiwango cha maji kujaa na kiwango cha maji kupwa ni ya umma. Hilo ni jema, ila halimtoshi mvuvi. Diko si mchanga unaofunikwa na maji mara mbili kwa siku. Diko ni pale juu, chini ya mti, ambapo ngalawa huvutwa wakati wa kusi bahari inapochafuka, nyavu hushonwa, samaki hupimwa, na mama karanga husubiri na beseni zao. Ni pia kijia cha kutoka kijijini hadi hapo. Ukuta mmoja ukijengwa kukingama njia hiyo, haki ya kikatiba ya kufika ufuoni hubaki kwenye karatasi.

Kanuni za mwaka 2007 ziliunda vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU), navyo vikakabidhiwa madiko. Hata hivyo, kusimamia si kumiliki. Kikundi chaweza kuwa na mwenyekiti, katibu na muhuri, na bado kikafurushwa na mtu mwenye hati.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaikie ngalawa ilhali vijana wanapata ajira hotelini. Watazame nyuma kidogo. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliwafukuza watalii Pwani. Mnamo 2014 Uingereza na mataifa mengine yaliwaonya raia wao dhidi ya kuzuru baadhi ya maeneo ya Pwani. Mnamo 2020 corona ikafunga viwanja vya ndege. Hoteli zilipofunga milango, wafanyakazi walirudishwa nyumbani, na kwa familia ya Pwani isiyo na shamba, kilichobaki ni bahari. Kijiji kisicho na diko hakina pa kurudi.

Serikali ya Kaunti ya Kilifi, ikishirikiana na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, yafaa ipime kila diko pamoja na njia yake, na kuliandikisha kwa niaba ya umma. Kazi hiyo itangulie idhini ya jengo jingine lolote ufuoni. Ukuta ukishasimama, kesi huchukua miaka mahakamani, na mvuvi hana pesa za wakili.